Nililia dakika moja, nilipika siku nzima: jinsi picha zinavyosimulia zikipangwa

 Leo naandika juu ya jambo ambalo karibu sisi wote tunalifanya kila siku bila kulifikiria sana: kupiga picha na kuituma. Sitaanza na nadharia. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Beni, katika commune ya Mulekera, kwa jamaa moja iliyokuwa imepokea wakimbizi wa ndani kutoka upande wa Eringeti. Kulikuwa pale mama mmoja na watoto wake wanne. Nilimwomba ruhusa, akakubali, nikakaa naye kutwa na telefone yangu mkononi. Asubuhi alichota maji. Akatafuta kuni. Akachambua sombe, akatwanga, akacheka na jirani juu ya mambo ambayo sikuyaelewa. Mchana watoto walikula. Jioni tulipofikia habari ya mume wake, alilia. Hapo nikapiga picha moja: mkono umefunika nusu ya uso, mwanga wa jua la jioni unaingia kwa mlango. Nilikuwa na picha karibu sitini siku ile. Usiku nikaiweka hiyo moja tu, na maneno mawili: «Beni inalia».

Ilitembea sana. Nilifurahi, tuseme ukweli. Baada ya siku chache nikaikuta kwenye ukurasa wa watu nisiowajua, imeandikwa kwamba ni mama wa mji mwingine, katika vita vingine. Nikajaribu kusahihisha, nani asikie? Lakini kilichoniumiza zaidi ilikuwa simu. Mama mwenyewe alionyeshwa picha na mtoto wa jirani, akatafuta namba yangu, akaniuliza hivi:

«Weye mutoto, juu ya nini uliweka tu ile foto niko nalia? Nililia dakika moja. Siku yote nilikuwa napika, watoto wakakula. Ile watu hawataona?»

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu nililolitafuta tangu siku ile. Nimeligawa katika sehemu, ili na wewe usirudie kosa langu.

1. Maana inakaa kati ya picha na picha

Karibu mwaka 1920, mwalimu mmoja wa sinema huko Urusi, Lev Kuleshov, alifanya jaribio ambalo hadi leo linafundishwa katika masomo ya filamu. Alichukua uso wa mwigizaji mmoja, uso mtulivu usioonyesha furaha wala huzuni. Akaufuatisha na sahani ya supu. Kisha uso uleule, ukifuatwa na maiti ndani ya sanduku. Kisha uso uleule, ukifuatwa na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, halafu huzuni, halafu tamaa, na wakamsifu mwigizaji kwa kazi nzuri. Kumbe uso haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jirani yake.

Tulete jambo hili nyumbani. Chukua picha ya kijana wa moto amekaa juu ya pikipiki yake, anatazama barabara. Ukiifuatisha na picha ya lori limekwama kwenye matope, tunasema: anangoja njia. Ukiifuatisha na picha ya msichana anayetoka shuleni, tunasema: huyu ana mambo yake. Ukiifuatisha na picha ya watu wenye silaha, tunasema: anaogopa. Kijana ni yuleyule na macho ni yaleyale.

Basi maana haikai ndani ya picha peke yake. Inakaa pia katika nafasi iliyo kati ya picha na picha, na nafasi ile anaijaza mwenye kutazama. Wewe unayepanga, kazi yako ni kumsaidia aijaze kwa ukweli. Picha yangu ya Beni haikuwa na jirani wa mbele wala wa nyuma. Kwa hiyo kila mtu aliipatia jirani aliyemtaka.

Lakini kaa macho: mfuatano nao unaweza kudanganya. Picha mbili za kweli zikiwekwa pamoja vibaya zinaweza kuzaa uongo mmoja. Ukiweka picha ya mkutano wa vijana leo karibu na picha ya duka lililoungua mwaka jana, hujaandika neno hata moja, lakini tayari umewashitaki.

2. Kongo iko katika historia hii tangu zamani

Wengi wetu tunadhani kusimulia kwa picha ni jambo la simu na intaneti. Hapana. Moja ya mifano ya kwanza mikubwa duniani ilitoka hapa nchini kwetu.

Mwezi wa tano mwaka 1904, kwenye misheni ya Baringa, ambayo leo iko katika mkoa wa Tshuapa, alifika mwanaume mmoja jina lake Nsala. Alikuwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa mtoto wake wa kike, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira katika Kongo ya mfalme Leopold II. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alikuwa na kamera. Alimpiga picha Nsala akiwa amekaa kwenye baraza, anatazama kile kilichobaki cha mtoto wake.

Picha ile inajulikana sana. Lakini jambo ambalo halisemwi sana ni namna ilivyotembea. Haikutumwa peke yake. Alice na mume wake John walizunguka Uingereza na Marekani na mashine ya taa inayotupa picha ukutani. Watu walikaa gizani kanisani au katika ukumbi, picha zikapita moja baada ya nyingine, na msemaji akieleza: nchi ilivyo, vijiji, kazi ya mpira, walinzi, kisha waliokatwa mikono. Mtu aliyefika kwenye picha ya Nsala alikuwa tayari amepitishwa njia nzima. Hakuweza kusema «sijui hii imetoka wapi». Pamoja na ripoti na maandishi ya chama kilichoongozwa na E. D. Morel, maonyesho yale yalisaidia kusukuma maoni ya watu hadi Leopold akalazimika kuiachia Ubelgiji Kongo mwaka 1908.

Kuna upande wa pili nao. Katika mfuatano ule babu zetu wanaonekana karibu siku zote kama watu wa kuumia. Hawaonekani wakiimba, wakijenga, wakigombana na shemeji. Na sauti iliyoeleza gizani haikuwa yao. Hivyo urithi ule una mambo mawili: nguvu ya kupanga picha, na swali la nani anazipanga. Yule mama wa Beni, bila kusoma historia hiyo, aliniuliza swali lilelile.

3. Mfano ambao Butembo na Beni tunaujua

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa upande wa Mangina. Ilipotangazwa imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imehesabiwa kesi 3,470 na vifo 2,287. Wengi wetu tuna jina la mtu ndani ya hesabu ile.

Kumbukeni picha za wakati ule. Karibu zote zilikuwa za aina moja: watu wenye nguo nyeupe za mwili mzima, macho nyuma ya miwani, wamebeba sanduku. Hazikuwa za uongo. Lakini picha ile moja inasema nini kwa mtu wa kijiji ambaye tayari ana mashaka? Inasema: wageni wasio na uso wanachukua mtu wetu.

Sasa, kanuni ya mazishi salama na ya heshima inaeleza hatua nyingi. Timu inafika bila nguo za kujikinga. Inasalimia jamaa, inatoa pole, inaeleza kitakachofanyika, inauliza jamaa wanataka sala gani. Ndipo inavaa. Tuseme mtu angepiga picha sita: mkono unaosalimia kwa mbali, mzee anayesikiliza, kijana wa timu anaingiza mguu katika nguo, uso wake kabla ya miwani, sanduku, na mwisho jamaa kando ya kaburi wakiomba. Sanduku ni lilelile na nguo ni zilezile, lakini mtazamaji ameshaona kwamba ndani ya nguo kuna mtoto wa mtu.

Sisemi kwamba picha sita zingemaliza mashaka. Mashaka yetu yalikuwa na mizizi mingi, na hatua zenyewe hazikufuatwa vizuri kila mahali. Nasema tu kwamba picha moja iliyorudiwa mara elfu haiondoi mashaka. Inayalisha.

4. Wale waliofanya kazi hii kabla yetu

Mwaka 1948 gazeti la Marekani, Life, lilichapisha kazi ya W. Eugene Smith juu ya daktari wa mji mdogo wa Colorado. Smith alikaa na daktari yule siku 23. Ndani mna daktari anatembea peke yake shambani na mkoba wake, daktari anashona jeraha, daktari amechoka jikoni, kikombe mkononi. Gazeti lile lilikuwa na mazoea ya kutaka aina mbalimbali za picha kwa hadithi moja: ya mbali inayoonyesha mahali, ya kati, ya karibu sana, ya uso, ya watu wawili wakihusiana, ya hatua za kazi, na moja inayobeba hadithi yote. Hata leo ni orodha nzuri ya kubeba kichwani.

Smith huyohuyo anatufundisha na hatari. Mwaka 1954 alichapisha kazi juu ya Albert Schweitzer huko Lambaréné, Gabon. Katika picha mojawapo aliunganisha vitu kutoka negativu mbili, na wasomaji hawakuambiwa. Tena aligombana na gazeti juu ya upangaji wa kazi ile, hadi akaacha kazi. Ona basi: mtu mmoja alipigania mfuatano wa haki, na wakati uleule akaficha mkono wake ndani ya picha. Ukisimulia mambo ya kweli, usiongeze kitu na usiondoe kitu.

Ukitaka kutunga, hiyo ni aina nyingine, na ina heshima yake. Roman-photo ilianza kushamiri Italia mwaka 1947, na Afrika nayo ilipata zake: katika miaka ya 1960 na 1970 wasomaji wa nchi nyingi walifuata hadithi za mpelelezi Lance Spearman katika gazeti la African Film, zote kwa picha za waigizaji na maneno machache. Pale msomaji anajua ni mchezo. Ubaya ni kuchanganya: kutunga, halafu kusema ni habari.

Na jirani zetu wa hapa? Mwaka 2020, tuzo ya Carmignac ya upigaji picha wa habari ilikuwa juu ya Kongo. Mshindi alikuwa Finbarr O'Reilly. Corona ikafunga njia, kazi ya mtu mmoja ikawa haiwezekani. Akaigeuza kuwa kazi ya wengi, Congo in Conversation, iliyobeba picha za wapiga picha Wakongomani kama Moses Sawasawa, Arlette Bashizi, Guerchom Ndebo na Raissa Karama Rwizibuka. Mwaka uleule Pamela Tulizo wa Goma alipata tuzo ya Dior ya vijana kwa kazi yake Double Identité, juu ya mwanamke wa Goma jinsi anavyoonwa na wengine na jinsi anavyojiona. Kwa hiyo usiniambie kazi hii ni ya watu wa mbali.

5. Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa kakao ya Beni. Sitatumia mambo ya vita peke yake, kwa sababu maisha yetu si vita peke yake.

Kwanza, andika sentensi moja kabla ya kupiga picha: nani anataka nini, na nini kinamzuia. «Kakao ya Beni» si hadithi, ni kichwa cha TFC. «Mkulima anataka kuvuna shamba ambalo hawezi kulifikia kila siku» ni hadithi. Ukikosa sentensi, utarudi na picha mia na hujui zinaenda wapi.

Pili, badilisha umbali. Sisi wa telefone tuna ugonjwa wa kusimama palepale, hatua tatu kutoka kwa mtu. Piga ya mbali: njia ya shamba. Ya kati: mkulima anapasua matunda. Ya karibu: mbegu zenye utelezi mkononi. Piga hatua za kazi: mbegu zimefunikwa majani ya migomba ili zichachuke kwa siku kadhaa, kisha zimetandazwa juani. Piga watu wawili: mkulima na mnunuzi, kilo kati yao. Piga uso. Na piga mwisho: gunia limekwenda, mahali lilipokuwa pamebaki tupu.

Tatu, kata. Hapa ndipo moyo unauma. Picha sitini zirudi nane. Uliza kila moja: nikikuondoa, hadithi inapoteza nini? Ikiwa haipotezi kitu, iende, hata kama mwanga wake ni mzuri namna gani. Picha mbili zinazosema jambo moja, moja ni mzigo.

Nne, panga kwa mikono. Kama unaweza, chapa picha ndogondogo kwa bei nafuu, uzitandaze juu ya meza. Kwenye kioo cha telefone unaona moja moja, huwezi kuona majirani. Saa si lazima iongoze. Unaweza kuanza na gunia tupu, halafu urudi shambani. Lakini ukivunja saa, msomaji aelewe. Picha ya kwanza imkaribishe mtu ndani, na ya mwisho imwache na swali au na pumzi, isimwache na kofi.

Tano, maneno. Chini ya kila picha weka nani, wapi, lini, na lile ambalo jicho haliwezi kuona. Usirudie kile kinachoonekana. Kuandika «mkulima anapasua kakao» chini ya mkulima anayepasua kakao ni kumdharau msomaji. Andika kwamba hii ni mara yake ya kwanza kurudi shambani tangu masika. Tena weka tarehe na mahali ndani ya picha yenyewe, kwenye kona, ili ikichukuliwa peke yake isiende uchi kama ile yangu.

Sita, ruhusa na usalama. Kwetu jambo hili ni la uhai. Omba ruhusa mara mbili: kabla ya kupiga, na tena baada ya kupanga, kwa sababu mtu alikubali kupigwa, hajakubali namna utakavyomsimulia. Mwonyeshe mfuatano wote. Usipige bariyeri wala kambi za jeshi. Zima mahali katika mipangilio ya telefone. Mtu akieleza aliyoyaona porini, usionyeshe uso wake wala mlango anamolala. Hakuna picha yenye thamani ya mtu mmoja.

6. Nilirudi Beni

Nilichelewa, lakini nilirudi. Nilichapa picha kumi kati ya zile sitini, nikapanda gari ya asubuhi, nikampelekea. Tulikaa chini kwenye jamvi. Nilikuwa nimezipanga mwenyewe kwa akili yangu yote ya diplome: maji, kuni, sombe, na mwisho, kama kilele, picha ya kulia.

Mama alizitazama kimya. Kisha akaanza kuzisogeza. Moja ilikuwa ya mlango wa nyumba, na nyuma yake duka ambalo kila mtu wa mtaa analijua. Akaigeuza uso chini: «Hii hapana. Wataona mwenye alitupokea.» Sikuwa nimeliona jambo hilo. Akaondoa na nyingine, ya mtoto wake mkubwa: «Huyu hajakubali.» Nilikuwa nimemwomba mama, sikumwomba mtoto.

Zikabaki nane. Picha ya kulia aliishika kwa muda mrefu. Nilidhani ataitupa. Akaiweka katikati, ya tano, kati ya jirani anayecheka na watoto wanaokula. Na mwishoni akaweka picha ambayo mimi karibu niiache, kwa sababu niliona haina kitu: vyungu vimeoshwa, vimepinduliwa ukutani, usiku unaingia.

Nikamuuliza, mama, kwa nini hii iwe ya mwisho? Akanijibu kama mtu anayemjibu mtoto: «Si kesho tutapika tena?»

Picha moja yangu ilisema Beni inalia. Nane zake zilisema Beni inalia, na kesho itapika. Zote mbili zina machozi yaleyale. Tofauti ni jirani.

Basi kabla hujatuma picha yako usiku huu, itazame tena, uulize: kabla ya hapa kulikuwa na nini, na baada ya hapa kulikuwa na nini? Ikiwa unajua, tuonyeshe na hayo. Ikiwa hujui, usitume bado. Rudi ukamuulize mwenyewe.